Scratch: ukishakopi mara tatu, tengeneza bloku yako

Kuna gemu madogo wa hapa Sakina, Arusha, wanaitengeneza kwenye Scratch, ile programu ya kujifunza kuprogramu kwa kupachika bloku za maagizo badala ya kuandika, kifodi kinatoka Mianzini kinaenda Ngaramtoni, kila kituo konda anataja jina, honi inalia, abiria wanapanda, safari inaendelea. Gemu tamu ila ukifungua kodi (yale maagizo ya programu) unachoka mwenyewe, yani msururu wa bloku unashuka mpaka huko chini, kila kituo ni kopi ya kile cha kwanza kimebadilishwa jina tu. Sasa chalii mmoja akataka honi ndefu, akaanza kuzunguka kituo kwa kituo kubadilisha, kituo cha Kwa Iddi akakisahau, gari ikifika pale inapiga honi ya zamani.

Dawa ipo tangu Scratch 2.0 ya 2013, kutengeneza bloku yako mwenyewe, siku hizi ni zile za pinki. Yetu tuliiita "simama", ina nafasi mbili za kujaza, jina la kituo na idadi ya abiria, halafu msururu wote unawekwa chini ya kichwa chake mara moja tu. Ila pale palipoandikwa Sakina unatakiwa uburute kile kidude cha jina kutoka kwenye kichwa ukidondoshe hapo, wengi wanaruka hii hatua, matokeo yake kila kituo konda anaita Sakina. Ukishamaliza, njia nzima inabaki simama Mianzini 3, simama Sakina 5, basi.

Wakabishana pia kama trafiki aingie ndani ya "simama". Mi nikasema hapana, awe na bloku yake, sio kila kituo kina trafiki.

Na pale unapotengeneza bloku, kile kiboksi cha kuzuia skrini isirefreshi, kwenye kuchora na kalamu kitiki tu, mchoro unatokea fasta. Kwenye bloku ya kutembeza gari usikiguse, lupu, yani yale marudio ya kusogeza gari, itazunguka yote kimyakimya, kifodi kipo Mianzini ghafla kipo Ngaramtoni.

Kinachoniudhi ni kwamba bloku uliyotengeneza ni ya spraiti mmoja, yani mhusika mmoja wa gemu kama gari au konda, gari la pili linataka ukopi tena bloku nzima, afadhali kloni, nakala za spraiti zinazozaliwa gemu ikiwa inacheza, maana zinatumia bloku za mama yao. Halafu hairudishi jibu, ikipiga hesabu ya nauli lazima iweke kwenye variabo, kile kisanduku cha kutunzia namba, ukaisome huko. Snap!, programu ya bloku kama Scratch kutoka chuo kikuu cha Berkeley, imemaliza yote mawili, bloku inarudisha jibu na spraiti wote wanaitumia. Hata LabVIEW, programu ya mainjinia ya kuprogramu kwa michoro, ya tangu 1986, kila subVI (programu ndogo inayoitwa ndani ya nyingine) ni faili lake lenye ikoni yake, unarekebisha sehemu moja programu zote zinazoliita zinafuata. Dogo anayeanza bado nampa Scratch, akianza kulalamika kuhusu variabo za nauli ndo namhamishia Snap!