Udongo wa mfinyanzi una utajiri, mi ndo nilikuwa naukosea

Msimu wa kwanza kabisa nililima siku moja baada ya mvua kubwa, nikajua udongo ukilowa jembe litaingia kirahisi. Liliingia kweli, ila udongo ukang'ang'ania jembe ukang'ang'ania na viatu, alafu jua lilipowaka siku tatu nne yale mabonge yakakauka yakawa tofali kabisa, mengine hata nyundo ilishindwa. Nilikuja kuelewa baadaye, chembe za mfinyanzi ni ndogo sana, hazifiki hata milimita 0.002, sasa ukizikandamiza zikiwa zimelowa zinashikana na nafasi za hewa zinaisha, na mizizi bila hewa haiendi popote.

Kosa la pili ndo liliniuma zaidi kwasababu lilinigharimu nguvu nyingi. Nilimwaga mchanga. Watu wengi wanashauriana hivyo na ukifikiria haraka unaona sawa tu, lakini mchanga ukiwa kidogo unazama kwenye mfinyanzi na ukikauka vinashikamana kama zege. Jamani msiweke mchanga.

Kama hujui udongo wako ni wa aina gani, weka kidogo kwenye chupa ya kioo yenye maji, tikisa sana uache. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja mbili, wa mfinyanzi unaweza kukaa siku nzima maji bado machafu. Yangu yalikuwa bado na tope kesho yake jioni.

Kilichonisaidia ni mboji, yaani mbolea ya majani na mabaki ya mimea yaliyooza. Naweka juu ya tuta unene wa kama sentimita 5 kila msimu, sichimbi chini sana, alafu nafunika na majani makavu ili jua lisiupasue udongo na matone ya mvua yasiugonge ukaziba. Nyungunyungu wanakuja wenyewe, wanaishusha ile mboji chini kidogokidogo na vishimo vyao ndo njia za maji na hewa, kazi ambayo jembe langu halikuiweza. Na kwenye tuta sikanyagi kabisa, nimeacha njia katikati.

Inachukua muda, sitaki kumdanganya mtu. Karoti za mwaka wa kwanza zilitoka fupi zimegawanyika miguu miwili mitatu kwasababu zilikuwa zinagonga pagumu, ila nyanya na maharage vilistahimili vizuri, maana mfinyanzi unashika maji na virutubisho kuliko mchanga, yaani chakula kimo humo humo, shida ni mmea kukifikia.

Sasa hivi ni msimu wa tano. Juzi nimeingiza mkono kwenye tuta la kwanza ukazama mpaka kwenye kifundo cha mkono, udongo mweusi unamumunyika wenyewe na unanukia mvua. Kona ya karibu na ukuta bado ngumu, hapo nimeshafunika majani tangu wiki iliyopita, na karoti nitazijaribu tena kwenye lile tuta la kwanza.