Kupe ndo walioninyima nyama

Mwaka juzi nilikula mbuzi kwenye harusi ya binamu yangu huku Sikonge, ilikuwa saa mbili usiku, nikalala vizuri tu. Saa saba nashtuka viganja vinawasha kama nimeshika upupu, mara kwapani, mara mwili mzima mabaka, mdomo wa juu umevimba na tumbo linakata. Mke wangu akanipa piritoni, asubuhi nikawa nafuu. Tukasema itakuwa maji ya kule harusini.

Ikajirudia. Nimekunywa supu ya kongoro jioni, usiku wa manane mambo yale yale. Sehemu moja wakanitibu vidonda vya tumbo miezi miwili, kwingine wakasema minyoo, na nyumbani minong'ono ikaanza kwamba kuna mtu kanitegea kitu, mpaka shangazi akaacha kusalimiana na jirani yetu. Aisee hilo linaniuma mpaka leo kuliko hata ule mwasho.

Mara ya tatu pumzi ikabana, nikapakiwa kwenye bodaboda mpaka hospitali nikachomwa adrenalini. Daktari wa zamu, kijana tu, akaniuliza jioni ulikula nini, nikamwambia nyama, ila ni masaa matano yamepita. Akaniuliza tena, unaumwaga na kupe? Nikapandisha suruali nikamuonyesha.

Mimi nina mizinga porini, msimu wa kurina asali narudi na vikupe vidogo kama punje za ulezi vimejaa kiunoni na nyuma ya magoti, na pale walipong'ata panawasha wiki mbili tatu.

Alivyonieleza ni hivi. Kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe kuna aina ya sukari inaitwa alfa-gal, sisi binadamu hatuna, nyani hawana, kuku na samaki hawana. Kupe fulani akikung'ata mate yake yanaweza kuufundisha mwili uione hiyo sukari kama adui, basi siku ukila nyama mwili unapigana. Na hauanzi palepale kama mtu mwenye mzio wa karanga, ni masaa mawili mpaka sita baadae, wanadhani ni kwa vile mafuta ya nyama yanachelewa kusagwa, ndo maana mtu hakumbuki hata alichokula. Nikaelewa kwanini kongoro lilinipiga vile.

Nilivyorudi nikasoma sana. Kule Marekani kinachosumbua zaidi ni kupe wa Lone Star, na kati ya 2010 na 2022 wameorodhesha watu zaidi ya 110,000 wanaodhaniwa kuwa nao huu mzio. Australia wapo, Afrika Kusini wapo. Thomas Platts-Mills, daktari wa Virginia aliyekuwa anaufuatilia, na yeye aling'atwa na vikupe akitembea msituni, alafu akala nyama ya kondoo, usiku akajaa mabaka. Niliposoma hapo nikaita mke wangu aje asikie.

Toka niache nyama sijaamka usiku hata mara moja. Maziwa nakunywa hayanisumbui, ila wapo wenzangu hata maziwa na vidonge vya ganda laini vinawadhuru, kwahiyo muulize daktari wako usinifate mimi. Nakula kuku, na migebuka ya Kigoma ikishuka na treni mama anainunua anaiunga karanga, naifurahia kweli.

Juzi mdogo wangu karudi machungani ana kupe nyuma ya goti, ng'ombe wao hawajapelekwa josho muda mrefu. Alishawasha kiberiti amchome, nikamzuia. Nikachukua kibano, nikambana kupe karibu kabisa na ngozi nikamvuta taratibu moja kwa moja, kichwa kikatoka chote, tukaosha kwa sabuni. Tarehe nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani, na kila akila nyama jioni, asubuhi namuuliza amelalaje.