Upande wa kwanza

"Baba, mbona yako iko juu?"

Kijana wangu kashika simu mkono mmoja, mwengine kauelekeza kwenye santuri yangu inayozunguka. Wiki ya pili hii anakusanya jazi. Anao Louis Armstrong na bendi yake ya Hot Five, rekodi za 1925 hadi 1928 (hapo nilimsukuma mimi, watu wengi humwanzisha mtu na 1959, utadhani kabla ya hapo dunia ilikuwa imelala). Anaye Ellington wa tamasha la Newport 1956, na Coltrane wa albamu ya A Love Supreme. Leo kafika kwa mpiga tarumbeta Miles Davis, albamu ya Kind of Blue ya 1959: yeye kwenye simu, mimi kwenye santuri.

Nikamkumbuka Ami.

Santuri yangu hiyo niliitoa soko la Darajani, kwenye boksi la mitumba, pamoja na nyengine tatu. Moja ilikuwa ganda tupu. Ni mwisho wa 2009, waya wa baharini umeharibika, Unguja nzima giza, na giza lenyewe likaenda hadi Machi. Jirani akitugaia umeme wa jenereta lake, masaa mawili kila usiku: taa moja, simu za mtaa mzima, na mashine yangu ya santuri.

Ami akaja na fidla yake ya taarabu. Akakaa mkekani, akapapasa nyuzi akiitafuta sauti ya tarumbeta. Akaipata. Mara friji la jirani likanguruma, jenereta likazidiwa, tarumbeta ikateleza chini kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Ami akauma meno, akalegeza nyuzi, akaifuata huko huko. Friji likanyamaza. Tarumbeta ikapanda zake, ikamwacha chini peke yake.

"Watu gani hawa, hawatulii kwenye maqamu!"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Friji likachomolewa.

Sasa Ami akaweka upande wa pili, akaenda nao vizuri hadi mwisho. Akarudi wa kwanza, akasita. Akageuza. Akageuza tena.

"Mwanangu, upande huu umepanda. Robo toni hivi."

"Jenereta hilo, Ami."

"Jenereta linajua upande?"

Sikumjibu. Nilijisemea, masikio ya mzee hayo.

Ami alikuwa keshatangulia nilipokuja kusoma kwamba New York, Machi 1959, mashine iliyonasa nyimbo tatu za upande wa kwanza ilikuwa ikienda polepole kidogo. Kanda yake ukiipiga kwa kasi ya kawaida, muziki unapanda. Santuri zikauzwa hivyo hivyo zaidi ya miaka 30, hadi toleo la 1992 ndipo wakarekebisha.

Au labda usiku ule lilikuwa jenereta kweli. Mafuta yalikuwa yanakaribia kwisha, hilo nalikumbuka.

Kijana bado ananisubiri. Nimemwambia ageuze upande wa pili, asikilize tena.