Nilipewa ufunguo, nikaambiwa "visipotee"

Nilipohamishiwa shule moja ya msingi hapa Amu, yaani Lamu, wiki ya kwanza tu mwalimu mkuu akaniita ofisini, akanikabidhi ufunguo wa kabati umefungwa uzi mwekundu, akasema madam wewe waonekana mtu wa vitabu, basi kuanzia leo ndo mwalimu wa maktaba. Nikamuuliza kazi yenyewe ni gani hasa. Akanijibu, "Visipotee." Hayo ndo yalokuwa mafunzo yangu yote ya ukutubi.

Nikaenda kufungua. Subhanallah. Vitabu vilifungiwa ili watoto wasiviharibu, na kweli watoto hawakuviharibu, mchwa ndo walovila, wameingia kwa nyuma ukutani wakapanda rafu baada ya rafu, ukishika kitabu jalada liko sawa kabisa ukifungua ndani ni unga. Vile vilosalimika vingine kurasa zilikuwa bado zimegandana kama vilivyotoka dukani. Nilicheka peke yangu mule ndani halafu nikashikwa na hasira, manake hapo hakuna hata kimoja kilichopotea, ripoti ingeandikwa "vyote vipo".

Mpaka leo wenzangu wengi stafurum wanaona mwalimu wa maktaba ni bawabu, kazi yake daftari na kuwaambia watoto nyamazeni. Wenzetu Marekani kwa mfano, majimbo mengi yanataka mtu awe na cheti cha ualimu na asomee mambo ya maktaba juu yake, halafu anakaa na mwalimu wa darasa wapange somo pamoja. Mimi nna vipindi vyangu vya Kiswahili na sayansi kama kawa, maktaba naibana kwa brek na saa ya chakula. Jioni usiitaje kabisa, kengele ikilia watoto hao mbio chuoni, yaani madrasa, na Jumamosi asubuhi vilevile.

Kitu cha kwanza nilichofanya hakihusiani hata na kusoma, nilivuta shelfu kutoka ukutani. Kuta zetu hizi za mawe na chokaa zinanyonya maji, mvua za masika zikianza ukikiegemeza kitabu ukutani wiki mbili tatu kinatoa ukungu na madoa. Basi shelfu ikakaa upana wa kiganja kutoka ukutani, kila mguu ndani ya kopo la oili chafu kwa ajili ya mchwa, na nyuma ya vitabu nikatia majani makavu ya mwarobaini kama bibi zetu walivyokuwa wakitia kwenye masanduku ya nguo. Mwenzangu mmoja akaniuliza we wafungua maktaba au duka la dawa. Lakini wazee wa Siyu hapo jirani walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono, kwa hewa hii hii ya chumvi, kutunza kitabu si mambo mageni kwetu.

Halafu nikaingia tamaa ya kupanga kitaalamu, kwa namba, ule mpango alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, kila kitu duniani kina nafasi yake kutoka 000 mpaka 999. Wanyama 590, ngano za kale 398.2, nikafurahi. Nikafika kwenye dini ambayo ni 200, kumbe 220 mpaka 280 na kitu yote ni Biblia na Ukristo, Uislamu umepewa 297, basi. Sasa hebu fikiria maktaba ya Amu! Rafu nzima tupu halafu namba moja imebebeshwa kama punda wa mchanga. Nikawachana nayo nikatumia rangi, utepe wa kijani hadithi, bluu sayansi, mwekundu dini, hata mtoto wa gredi wani anajua rangi kabla hajaijua desimali.

Sasa kazi yenyewe, ile ambayo hakuna alonambia, niliijua siku gredi ya tano walipopewa projekti waandike kuhusu punda. Tangu huu mtaala wa CBC uingie mtoto akipewa projekti mzazi anatoa pesa, mtoto anakimbia saiba, anamwambia kijana wa pale "nitolee punda", kijana anaprinti, mtoto anabandika. Kesho yake naangalia, karatasi kumi na kitu, punda wamesimama kwenye theluji. Theluji! Na huyu mtoto amekuja shule akijibanza ukutani punda wapite, na pale mbele ya bahari tuna hospitali ya punda mtu anaingia kwa miguu. Nikamwomba mwalimu wao anipe vipindi viwili. Tukatunga maswali kwanza, darasani, tukatafuta kwa vitabu yapi yamejibiwa, yalobaki tukaenda kuuliza wenye punda. Majibu hayakulingana, kitabu kinasema hivi na mwenye punda anasema vile, wakaanza kubishana nani mkweli na tutajuaje. Siku hiyo nilirudi nyumbani sauti imenikauka na nna raha kweli.

Kuna kijana mmoja, babake ni mvuvi, hasomi, nikimpa kitabu anaangalia picha tu ananirudishia. Siku moja akaja nacho kimefunguka. "Ticha, huyu alochora hajui. Tanga limejaa kwenda huku, bendera yapepea kule. Pepo mbili kwa chombo kimoja?" Nikatazama, kweli bwana. Nikamwambia basi nitafutie makosa mengine. Akawa anakuja kila brek, akaleta buibui wa miguu sita, nikamwambia hakikisha, akachukua cha utepe wa bluu akasoma pole pole kwa kidole mpaka akafika kwenye minane. Hadithi mpaka leo hataki, hataki kabisa, namwacha.

Mwisho wa mwaka mwalimu mkuu akauliza vimepotea vingapi. Kumi na vinne, na vingine sita vimerudi bila jalada, kimoja chanuka papa. Akakaa kimya akipindua daftari la kuazima, akaona majina yalivyojaa mpaka pembeni, akasema tu, "Hii rafu yako si imejaa?" Nikajibu ndio. Akatoa pesa ya nyingine.

Hiyo ni mwezi wa pili sasa. Mbao zishanunuliwa, zimekaa kwa fundi, kila nikipita ananambia kesho madam, na kesho ya fundi mwaijua.