Kumbukumbu ya Impreza, sehemu ya 9: kumbe ni swichi ya klachi

Imekubali! Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapasha lami, Impreza iliondoka mara tano mfululizo, na hakuna hata mara moja niliposhusha kioo nikasikia ile harufu ya klachi iliyoungua. Tulikuwa kwenye kipande cha lami ndani ya shamba moja Kitengela. Mwenye shamba aliniruhusu kwa sharti moja: ng'ombe akiharibu mimba kwa sababu ya kelele, nalipa.

Mnaofuata tangu mwanzo mnajua kwamba injini ni EJ20 ya turbo, ubongo ni Speeduino (kompyuta ya injini ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu), na tangu sehemu ya 6 napigana na lonchi kontroli, yaani mfumo unaoshikilia mizunguko ya injini gari likiwa limesimama, tayari kuondoka kwa kasi. Kuiwasha ni kazi ya dakika mbili ndani ya TunerStudio, programu ya kupangia Speeduino kwenye laptopu: weka kikomo cha mizunguko 4,000 kwa dakika, chagua kukata cheche, chelewesha taimingi (wakati wa cheche kuruka), unga waya wa swichi ya klachi, basi. Ukibana klachi na mafuta hadi chini, injini inabaki 4,000 ikipiga bunduki. Video safi, majirani wamenuna.

Shida ilikuwa kuondoka. Kila nikiachia klachi, mizunguko iliruka hadi karibu 6,000 gari likiwa bado limesimama, ndipo klachi ikashika kwa kishindo. Mshtuko ukapita kwenye giaboksi, ukafika difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), ukanipiga mgongoni. Miezi miwili! Nikashusha kikomo hadi 3,500, ikaruka vilevile. Nikachelewesha taimingi zaidi. Nikalaumu kelele za umeme, nikahamisha waya wa ethi mara tatu. Usiku mmoja nikaandika upya nusu ya jedwali la cheche kwa hasira tu, kisha asubuhi nikarudisha la zamani.

Fundi wangu wa klachi, ambaye tayari alikuwa amenibadilishia diski moja iliyokuwa nyeusi kama mkaa, hakusema mengi. "Bosi, klachi haina kosa. Injini unaiachia wakati haijashikwa na kitu." Nikadhani ananirushia kijembe kuhusu mguu wangu. Kumbe alikuwa amenipa jibu lote, mimi nikalikalia wiki tatu.

Siku moja niko Grogan, soko la vipuri Nairobi, natafuta paipu ya vakyumu, nikaona sensa ya throto ya gari lililokatwa, shilingi 800. Nikajiuliza, si hii ni potenshiomita tu, kifaa kinachopima kitu kimezunguka kiasi gani? Nikaifunga kwenye mhimili wa pedali ya klachi kwa kibati nilichokata mwenyewe, nikaunga kwenye ingizo la analogi lililokuwa wazi. Sasa logi, yaani rekodi ya kompyuta, ina mstari mpya unaosema pedali imepanda asilimia ngapi. (Ushauri wa bure: nunua koleo la meno la kubania vichwa vya waya. Lile bapa la bei ya soda limenipotezea saa nyingi kuliko programu yoyote.)

Logi ya kwanza ilinichekesha, halafu ikaniudhi. Swichi niliifunga chini kabisa, karibu na zulia, kwa hiyo iligeuka pedali ikiwa imepanda asilimia 14 tu. Klachi yenyewe inaanza kushika kwenye asilimia 45. Katikati hapo kompyuta inaamini nimeshaondoka: inaondoa kikomo, inarudisha taimingi yote, na mguu wa kulia bado umebana mafuta hadi mwisho. Injini isiyo na mzigo, tena yenye busti tayari, ukiipa sehemu ya tano ya sekunde ya uhuru itakaa kimya? Na nishati ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi hushika, hupanda kwa mraba wa kasi. Kutoka 4,000 hadi 6,000 inakuwa mara mbili na robo. Yote hiyo lazima iwe joto kwenye diski au kishindo kwenye meno ya gia.

Nikahamisha swichi juu, igeuke kwenye asilimia 52. Ndiyo hiyo tu. Mstari wa mizunguko sasa unakaa 4,000, klachi inashika, unashuka hadi 3,300, kisha unapanda taratibu. Nimeutazama kama mtu anavyotazama picha za harusi yake.

Neno kuhusu busti, yaani shinikizo la hewa ambayo turbo inasukuma ndani ya injini. Kitengela iko karibu mita 1,600 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni kama kPa 83. Mtu wa Mombasa anaanza na 101, sisi tunaanza na deni. Ndiyo maana taimingi nimeichelewesha sana: moto unawaka kwa kuchelewa, gesi inafika kwenye turbo ikiwa bado inachemka, na baada ya sekunde mbili napata kPa 115. Malipo yake ni joto. Thamokapo (kipima joto) kwenye manifoldi ya ekzosi ilisoma nyuzi 880, nikajiwekea sheria ya sekunde tatu, halafu gari lizunguke polepole lipoe. Msidanganywe na waidibendi, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, wakati huo: cheche ikikatwa, oksijeni inapita bila kuungua, kwa hiyo sensa inasema mafuta ni machache na kumbe yamejaa. Na kama bado una katalisti, kisafishaji cha moshi chenye sega ndani, usikate cheche kabisa. Petroli itawakia ndani yake na lile sega litayeyuka.

Wengi wananishauri nifunge klachi ya seramiki, ile inayong'ang'ania zaidi. Sitaki. Gari la kusukumwa na magurudumu mawili likizidiwa, tairi huteleza na mambo yanaisha. Hili linauma lami kwa manne, na gia ya kwanza pamoja na difu huzidisha torki kama mara 13. Tairi zikikataa kuteleza, kuna kitu kingine kitateleza au kitakatika. Kwangu klachi ndiyo fyuzi. Diski naibadilisha kwa siku moja, lakini meno ya gia ya kwanza yakinyofoka, giaboksi nzima inafunguliwa. Hata Nissan, baada ya zile GT-R R35 za mwanzo, gari lao la kasi la magurudumu manne, walitoa programu mpya iliyoshusha mizunguko ya kuondokea.

Mpango wa mwezi huu ulikuwa kufunga mipira mipya ya difu. Lakini nikiwa na sensa ya pedali, swichi ni ya nini tena? Kikomo kingeweza kupanda chenyewe kidogo kidogo kadiri pedali inavyopanda, badala ya kuondoka ghafla. Jana usiku nimefungua msimbo wa Speeduino, nimeongeza mistari kumi na moja, na injini imekataa kuwaka. Mipira ya difu bado iko ndani ya boksi chini ya kitanda, na mama watoto ameshauliza mara mbili chumba kinanuka nini.