Nilivyojifunza upya kukandamiza kifua

Karatasi ilikuwa nyembamba na ndefu, ile inayotoka kwenye mashine ya kushtua moyo. Mkufunzi wetu aliitandaza mezani, akaweka kidole pale ambapo mawimbi ya mikandamizo yalikatika, akakiburuta taratibu hadi yalipoanza tena.

"Sekunde 23," akasema. "Hapa mlikuwa mnafanya nini?"

Nilijua. Nilikuwa nimepiga magoti kichwani pa mgonjwa nikimpitishia mrija kwenye njia ya hewa, nikamwambia mwenzangu, "Subiri kidogo, nimeshaiona." Akainua mikono. Katika kumbukumbu yangu, hiyo "kidogo" haikuzidi pumzi mbili. Mgonjwa hakurudi, na siwezi kusema kuwa sekunde zile ndizo zilizoamua. Lakini moyo ukisimama, damu inayofika kwenye ubongo ni ile inayosukumwa na mikono ya mtu. Mikono ikiinuka, presha huanguka papo hapo, na ukianza tena unahitaji mikandamizo kadhaa kuipandisha ilipokuwa. Hayo nilikuwa nayafundisha wenzangu, na ndiyo maana yaliniuma.

Nilikuwa na miaka tisa kwenye gari la wagonjwa, na tangu nihitimu sikuwahi kusoma utafiti mmoja mwanzo hadi mwisho. Nilizoea kungoja mwongozo mpya utoke, nipitie yaliyobadilika, basi. Mkufunzi akanipa utafiti wa AIRWAYS-2, uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Uingereza. Ulinichukua jioni tatu. Jioni ya kwanza nilipotea kwenye majedwali nikaufunga. Ya pili niliandika maswali matatu pembeni: wagonjwa ni akina nani, kimelinganishwa nini na nini, na kipi kimehesabiwa kuwa mafanikio. Hapo nikaanza kuelewa. Wagonjwa walikuwa 9,296, wote moyo uliwasimama nje ya hospitali. Upande mmoja wahudumu walianza na mrija kama ule niliokuwa nauamini mimi. Upande wa pili walitumia kifaa rahisi kinachokaa juu ya njia ya hewa bila kuingia ndani yake. Waliopona ubongo ukiwa na hali nzuri walikuwa asilimia 6.8 upande wa mrija na 6.4 upande wa kifaa. Tofauti hiyo haikutosha kusema kipi ni bora. Nami nilikuwa nimesimamisha mikandamizo kwa ajili ya mrija!

Nikawaomba wenzangu wa zamu tuwe tunasoma pamoja, utafiti mmoja kwa mwezi. Uliotugawa zaidi ni PARAMEDIC2, wa mwaka 2018 pia, uliolinganisha adrenalini, dawa tunayodunga moyo ukisimama, na maji ya chumvi yasiyo na dawa, kwa wagonjwa 8,014. Waliokuwa hai baada ya siku 30 walikuwa asilimia 3.2 kwa adrenalini na 2.4 kwa maji ya chumvi. Dada mmoja, mkongwe kuliko sote, alifurahi: "Si mnaona? Dawa inaokoa." Kisha akasoma mstari uliofuata na sauti ikashuka. Kati ya walionusurika, waliobaki na madhara makubwa ya ubongo walikuwa asilimia 31.0 upande wa adrenalini na 17.8 upande wa pili. Mwongozo bado unaitaka adrenalini na bado tunaitoa. Ila tangu siku hiyo, hakuna kwetu anayeacha kifua ili akatafute mshipa wa kuidungia.

Kusoma peke yake kusingebadilisha mikono yetu. Kilichoibadilisha ni mdoli wa mazoezi aliyehamishwa kutoka stoo akawekwa karibu na mlango wa kuingilia zamu. Dakika kumi kila zamu, kabla ya kukagua gari. Tuliweka mdundo wa 110 kwa dakika kwenye simu, katikati ya 100 na 120 zinazotakiwa, na mmoja alikaa na saa ya kupimia akihesabu mapengo tu. Siku za mwanzo nilikuwa naegemea kifua bila kujijua. Nabonyeza vizuri, sentimita tano na zaidi, lakini sikiachi kifua kiinuke chote, na kifua kisipopanda moyo haujai damu ya kusukuma. Yule dada aliupitisha ukucha wake chini ya kiganja changu kila nilipoinuka. "Bado umelala juu yake, mdogo wangu." Ilinichukua karibu wiki mbili kuacha. Tulizoea pia kuchaji mashine huku mikono ikiendelea kukandamiza, ili pengo libaki la kusoma mapigo na kushtua tu. Mrija tuliuweka nyuma: kifaa rahisi kwanza, na hakuna ruhusa ya kusema "subiri".

Miezi mitano baadaye tulipata mgonjwa mwingine aliyeanguka moyo ukasimama. Tuliporudi niliitoa karatasi mwenyewe nikaipeleka kwa mkufunzi. Pengo refu kuliko yote lilikuwa sekunde 7.

Huyo tulimfikisha hospitali mapigo yakiwa yamerudi. Lakini swali langu la tatu, lile la mafanikio, sikuweza kulijibu, kwa sababu tukishakabidhi mgonjwa hakuna anayetuambia alitokaje. Nimeandika barua kuomba tupewe taarifa za kila tuliyemfufua baada ya siku 30: yu hai au la, na anaweza kujihudumia kiasi gani. Wenzangu wote wa zamu wameitia sahihi.