Tambi, nyanya za Ilula na maji yanayochemka mapema

Iringa, Jumapili jioni. Juni imeshika, baridi imeanza kung'ata tangu saa kumi na moja, na hamu ya chakula cha moto chenye mchuzi mzito inakuja yenyewe. Ndiyo maana leo naandika kuhusu mgahawa wa Kiitaliano wa mtaani: ule wa kutembea kwa miguu, wenye meza chache, unaoweza kuufanya wako. Kuupata ni raha kubwa, na nadhani watu wengi wanapita mlangoni kwake kwa sababu hawajui waangalie nini.

Menyu ndefu hainivutii. Mgahawa wenye pizza za aina 30, kuku wa kukaanga, biriani na lasanya kwenye karatasi moja unategemea friza. Nautafuta ule wenye vyakula vichache na mpishi anayejua yuko wapi: nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, Ilula ya nyanya ikiwa jirani, na Njombe ikiwa mkoa unaofuata.

Huo mwinuko unaanza kuonekana kwenye sufuria. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa Iringa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, Mbeya pungufu kidogo, Njombe pungufu zaidi. Yanatokota vilevile, mapovu ni yaleyale, lakini joto ni dogo. Spageti zilizoandikwa dakika 10 kwenye pakiti zitadai 11 au 12. Mpishi anayefuata pakiti bila kuonja atakuletea tambi zenye kiini cheupe cha unga mbichi. Mwenzake aliyewahi kulalamikiwa kwa hilo ataziacha jikoni mpaka zilegee kabisa. Dawa ni kuonja: kuanzia dakika ya 9, uzi mmoja kila dakika, mpaka ibaki ukinzani kidogo tu kwenye jino.

Kosa jingine ni sufuria ndogo. Kipimo ni lita 1 ya maji kwa kila gramu 100 za tambi kavu, na gramu 100 ni sahani ya mtu mmoja aliyeshika njaa. Chumvi ni gramu 10 kwa lita, yaani vijiko viwili vya chai vya usawa. Ukimimina tambi za watu wanne kwenye lita 2, maji yanapoa ghafla, jiko la gesi linachelewa kuyarudisha, na muda huo wote wanga unatoka na kuzigandisha. Wengi hutia mafuta kwenye maji wakidhani yatazuia. Yanaelea juu tu. Kinachozuia ni maji mengi, mfuniko mpaka yachemke tena, na kukoroga dakika mbili za mwanzo.

Kisha angalia sahani inavyofika mezani. Tambi nyeupe chini, mchuzi mwekundu umemwagwa juu kama rojo kwenye wali: huyo mpishi hajamaliza kazi. Tambi zinatolewa kwenye maji dakika mbili kabla hazijaiva, zinaingia kwenye kikaango chenye mchuzi pamoja na upawa wa maji yaleyale ya kuchemshia, na zinamalizikia humo juu ya moto mkali. Wanga ulio kwenye maji hayo ndio unaoyaunganisha mafuta na nyanya, mchuzi ukashika kila uzi. Ukimaliza kula na chini ya sahani kumebaki dimbwi la maji mekundu, hatua hiyo ilirukwa.

Kwa hiyo siku ya kwanza agiza sahani rahisi kuliko zote, tambi za nyanya. Haina pa kujifichia. Na hapa tuna bahati ambayo hata miji mikubwa haina. Nyanya za Ilula zinazokwenda Dar huchumwa zikianza kugeuka rangi tu, ili zivumilie safari ndani ya matenga. Zinaiva njiani zikawa nyekundu, ila utamu uliokuwa uje kutoka kwenye mmea haupo tena, ndiyo maana wapishi wa huko hulazimika kutia sukari. Mgahawa wa Iringa unaweza kununua nyanya zilizoivia shambani, za kupikwa leo au kesho. Zinazofaa ni zile ndefu zenye nyama nyingi na maji kidogo. Kilo 1 iliyomenywa, vijiko vinne vya mafuta, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa na kutolewa kabla hazijageuka kahawia, chumvi kijiko kimoja cha chai, moto mdogo dakika 40 bila mfuniko, majani ya mrehani mwishoni. Hicho ni kipimo cha watu wanne au watano. Ukionja ukali wa nyanya ya kopo unaochoma koo, jua ile ya kopo haikukaangwa kwenye mafuta kabla ya kuongezwa maji. Ukionja sukari, nyanya zilikuwa changa. Mafuta ya zeituni ni ghali, na sioni ubaya mpishi akipikia alizeti kisha akamalizia kijiko kimoja cha zeituni juu.

Pizza nitaisema kwa ufupi, maana inategemea tanuri. Ufundi wa wapishi wa pizza wa Napoli uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika urithi wa utamaduni wa binadamu, na tanuri lao la kuni huivisha pizza kwa sekunde 60 hadi 90. Tanuri la gesi la nyuzi 280 linahitaji dakika 7 hivi, pizza inatoka kavu zaidi, na hiyo si dhambi. Unga kilo 1, maji mililita 620, chumvi gramu 25, hamira ya chenga gramu 2, usiku mzima wa kuumuka. Mwezi huu wa baridi usiku mmoja hautoshi jikoni Iringa. Unga ambao haujamaliza kuumuka hukaza ukiutanua, unarudi nyuma, na baadaye unakaa tumboni mzito. Mwezi wa Novemba kipimo hichohicho kitafurika bakuli. Kama tanuri ni la kuni, uliza kuni gani. Miwati au milingoti iliyokauka inatoa makaa mazuri. Paina ina utomvu, inatoa moshi mweusi na masizi, na ladha hiyo inabaki kwenye ukingo wa pizza.

Jibini ni jambo la kuuliza bila aibu. Njombe kulijengwa kiwanda cha maziwa kwa ushirikiano na CEFA, shirika la Kiitaliano la Bologna, kwa hiyo uliza kama mozzarella, jibini laini jeupe linalotunzwa ndani ya maji, inatoka karibu na bado ni mbichi. Kosa la kawaida ni kuiweka kwenye pizza moja kwa moja kutoka kwenye maji yake: katikati panalegea, panalowa. Ikatwe, ichujwe kwa muda wa saa tatu au nne kwenye chujio ndani ya friji.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho mgahawa wa nyanda za juu hauna udhuru wa kukikosea, ni nyoki: vidonge vya viazi mviringo. Roma huliwa Alhamisi kwa desturi. Viazi vya Makete na Njombe vinafaa sana, mradi vimekaa ghalani wiki mbili au tatu. Vilivyong'olewa jana vimejaa maji, na maji yanadai unga, na unga mwingi unafanya nyoki kuwa mpira. Kilo 1 ichemshwe na maganda, imenywe ikiwa ya moto, ipondwe kwa mkono, kamwe si kwa blenda, kwa sababu blenda inapasua wanga na kutoa gundi. Itandazwe mezani mvuke utoke. Ndipo unga gramu 250, yai moja, chumvi kijiko cha chai, kukandwa haraka na kuachwa. Mpishi mwenye akili huchemsha kimoja kwanza. Kikisambaratika, anaongeza unga kidogo, kikishikamana, anaendelea. Vikielea, sekunde 30 tu, vitoke.

Tena kuna polenta, ambayo mgeni wa Iringa huishangaa na mwenyeji haishangai hata kidogo. Wamisionari Wakatoliki wa Konsolata waliokuja Tosamaganga, hapa jirani, baada ya Vita Kuu ya Kwanza walitoka Turin, na kaskazini ya Italia uji huu mzito wa mahindi ulikuwa chakula cha kila siku cha wakulima. Lita 1 ya maji kwa gramu 250 za unga wa chenga, mwiko dakika 40 na zaidi. Ni laini kuliko ugali wetu, na mahindi ni ya njano. Wazee waliokula ule unga wa njano wa miaka ya njaa, walioubatiza Yanga, wataikunjia uso mpaka waionje na siagi na jibini. Mgahawa unaoipika kwa dona ya hapahapa naupa heshima yangu yote.

Mwisho kahawa. Mbozi inalima arabika nzuri, kwa hiyo kikombe cha kahawa ya unga wa kuyeyuka hakikubaliki. Agiza espresso, kikombe kidogo cha kahawa nzito: gramu 7 hadi 9 za kahawa, sekunde 25 hadi 30 kwenye mashine. Ikitoka chini ya sekunde 15 ni chachu na nyepesi, kwa kuwa imesagwa nene. Ikizidi 40 ni chungu. Mwombe mhudumu isagwe sasa hivi, na kama unataka nyoki wiki ijayo, mwambie leo.